Mwalimu Simama

4 Februari

Mdogo wangu Bwana Kamusi,

Umeniuliza hali kwa kadi ya mistari miwili. Nakujibu kwa kurasa tatu ili uone haya.

Magoti yamevimba. Daktari aliyabonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni, kisha akaniuliza, "Mama, kazi yako ni ya kusimama?" Nikamwambia ni ya kufundisha. Akasema, "Basi fundisha umekaa." Hajui sheria za darasa langu. Wewe unazijua, lakini nitaziandika tena, maana mtu akichoka hurudia maneno.

Kila asubuhi, kwa zamu ya rejista, mwanafunzi mmoja ananiletea neno kutoka kwao. Sitaki neno la kitabuni. Nataka lililotoka kinywani mwa mtu wa nyumbani, fundi au muuguzi au bibi anayelalamika jikoni. Anakuja nalo kwenye kikaratasi, maana yake nyuma. Nikilijua, nakaa kitini na kufundisha. Nisipolijua, nasimama vipindi viwili vya kwanza, dakika themanini, na mleta neno anakaa kwenye kiti changu akining'iniza miguu kama hakimu mfupi. Pakitokea ubishi, kikaratasi kinakuja kwako, na utakalosema ndilo la mwisho. Ndiyo maana wanakuita Mjomba wa Kamusi. Mimi wananiita Mwalimu Simama, wakidhani sijui.

Darasa la Sita, mdogo wangu, watoto arobaini na nne. Walipoanza, neno "kitu" lilibeba mizigo yote: kile kitu cha kukatia, kile kitu cha pale begani. Leo wanawinda. Juzi mchomea vyuma alinifuata getini: "Mwalimu, mwanao ananihoji kama polisi. Ananiuliza yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa yanaitwaje. Nikamwambia mavi ya chuma. Akaruka kama kapata kazi." Nikamwambia asante. Akasema, "Usinishukuru, nataka kulala mchana."

Lakini wiki iliyopita alikuja mkaguzi. Kijana, viatu vinang'aa, ana orodha ya maneno ishirini kwa kila wiki ya mwaka. Anataka watoto wayakariri na kuyajazia nafasi. Nikamuuliza kama amewahi kumpenda mtu kwa kusoma jina lake kwenye rejista. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Ningekuwa na umri wa miaka thelathini ningemnyang'anya kalamu. Sasa nilitafuta pa kukaa.

Kwa hiyo mwalimu mkuu, kwa huruma au kwa kuchoka nami, ameniletea fomu ya kuhamia ofisi ya elimu, nikagonge mihuri. Inapokelewa hadi Ijumaa tarehe 28 Machi, saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo ni hadi mwaka ujao. Nimeitia kwenye droo. Nakuambia wewe peke yako: darasa hili likiwa hai, siendi popote, hata nikongoje. Likifa, sina cha kubakia.

Dada yako

---

12 Februari

Dada,

Shikamoo. Haya nimeiona, na nimekaa nayo siku nzima.

Hapa kwetu hakuna anayesimama. Tuko wanne katika chumba chenye makabati ya kadi hadi darini, na matako yetu yana umbo la viti. Tumefika herufi M. Jana tulibishana kwa saa tatu juu ya "mshazari," kama mfano wake uwe wa mstari au wa mwanga wa jua dirishani. Mwenzangu wa meza ya pili aliondoka bila kuaga. Ndiyo kazi uliyonipigia debe nikiwa kijana, ukaniambia nitakuwa mlinzi wa hazina. Mlinzi ndiye mimi, ila hazina inavumbika.

Kuhusu mkaguzi, usinichukie nikisema orodha si dhambi. Mimi nalishwa na orodha. Dhambi ni kumpa mtoto kaburi ukamwambia ni mtu. Lakini ungeweza kumwambia hayo bila kumuuliza habari za mapenzi.

Sasa jambo moja linanikereketa. Mwaka jana uliniletea vikaratasi vya ubishi vitatu, vinne kwa mwezi. Tangu Januari sijapata hata kimoja. Watoto arobaini na nne wanaohoji wachomea vyuma, na hakuna anayekubishia? Ama umekuwa kamusi kunishinda mimi, ama wamekuwa wapole, na wapole siwaamini.

Kalia kiti chako, Dada. Badilisha sheria. Waambie magoti yanauma. Wewe hukuzaliwa na aibu ya kusema lolote kwa yeyote, kwa nini uone aibu kusema hili?

Mdogo wako

---

24 Februari

Mdogo wangu,

Hakuna ubishi kwa sababu hakuna cha kubishania. Usinichimbe.

Na sheria sibadilishi. Mtoto anakwenda kumsumbua shangazi yake mpaka amtoe neno la miaka hamsini, kwa sababu anajua likinishinda nitalipa kwa miguu yangu. Ondoa malipo hayo, umebaki na zoezi, na mazoezi wanayo ya kutosha. Nikiwaambia magoti yanauma, watanihurumia. Mtu anayekuhurumia hachezi nawe tena.

Lakini hayo yote sasa ni maji yaliyomwagika. Darasa limekufa. Sitii chumvi. Jumatatu iliyopita mtoto wa dereva aliniletea "meza." Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Meza ni hii niliyoegemea, kaa." Akakaa, hata hakutabasamu. Jumanne, "kikombe." Jumatano, "mlango." Alhamisi aliyekuja ni Sindano, binti wa fundi cherehani, mwembamba kuliko jina lake. Huyu mwaka jana alinisimamisha mara nne. Aliwahi kuniletea "taraza" na kipande cha nguo chenye taraza yenyewe, ule urembo wa ukingoni, ili nisiseme hakuna. Nikasema moyoni, huyu ataniokoa. Akafungua kikaratasi, akasoma bila kuniangalia: "Kijiko."

Nikakaa. Nimekaa wiki nzima. Magoti yamepungua uvimbe, daktari atafurahi.

Nimejiuliza nimewafanya nini. Pengine ni orodha ya mkaguzi, maana nayo inaendelea kila Ijumaa, na wanaijaza vizuri sana, wanapata ishirini kwa ishirini na nyuso za watu waliopanga foleni. Pengine ni umri wao. Pengine ni mimi. Miaka ishirini na saba nimepigana na vitabu vibovu, na walimu wakuu sita, na wazazi waliotaka watoto wao wasahau lugha ya nyumbani ili waonekane wamesoma. Sikuwahi kufikiri nitashindwa na kijiko.

Leo nimeitoa fomu kwenye droo. Nimejaza ukurasa wa kwanza.

Dada yako

---

1 Machi

Kwa Mjomba wa Kamusi,

Shikamoo. Mimi hunijui lakini mimi nakujua kwa sababu wewe ndiye mwenye neno la mwisho. Naitwa Sindano na niko Darasa la Sita. Anwani nimeinakili kutoka kwenye kifuniko cha kitabu cha Mwalimu. Madhumuni ya barua hii ni kukuuliza kama neno "kipembedu" lipo.

Najua halipo, kwa sababu nililitunga mimi nikiwa nafua soksi. Nataka tu uniambie ili niwe na uhakika wa kamusi.

Ilikuwa hivi. Tangu tulipofungua shule Januari, Mwalimu alikuwa hashindwi. Tukileta neno, alikuwa anasema maana nyingine, na tukisema sivyo, anasema, "Hiyo ni maana ya kwenu, lakini ndugu yangu wa kamusi ameandika hivi." Basi tunakubali, kwa sababu ni wewe. Ila mimi nikaona kila akisema hivyo anakuwa ameshakaa kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia rafiki yangu. Akasema, "Wewe una wivu, hujamsimamisha siku nyingi." Nikasema tutaona.

Ndipo nikabadilishana zamu na rafiki yangu, nikaleta kipembedu. Nyuma ya kikaratasi niliandika maana yake ni uzi unaobaki fundi akikosea kushona. Mwalimu akasema kwenye kamusi kipembedu ni kipande cha ubao cha kuzibia ufa wa mlango. Akakaa. Mimi nikajisikia joto masikioni kama mtu aliyeiba. Nilitaka kucheka, kisha sikutaka.

Nilipokwenda kuchukua chaki karibu na meza yake, nikaona miguu yake chini ya meza. Viatu alikuwa amevivua. Miguu ilikuwa imevimba imeziba vifundo.

Tukafanya mkutano nyuma ya tangi la maji. Mtoto wa dereva akasema Mwalimu ni mwongo na tumwambie mbele ya mkaguzi. Mimi nikasema ukimwambia nitakutoboa, na yeye anajua kwa nini naitwa Sindano. Tukakubaliana wote arobaini na nne. Tutaleta maneno mepesi, akae bila kudanganya. Maneno magumu tunayo. Tunachezea nyuma ya tangi wakati wa mapumziko. Anayeshindwa anasimama kwa mguu mmoja mpaka kengele.

Lakini sasa Mwalimu hafurahi. Tukileta magumu anasimama na kuumia, au anadanganya. Tukileta mepesi anatuangalia kama tumemtukana. Sijui tufanye nini. Tafadhali usimwambie. Tuliapa.

Ni mimi,
Sindano

---

8 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Nimefungua makabati yote mawili ya herufi K. Kipembedu hakimo. Wala sitakiingiza, hata ukinitoboa. Neno haliingii kwenye kamusi kwa kuwa limetungwa vizuri, linaingia kwa kuwa watu wamelitumia hadi likachakaa. Mwambie baba yako alitumie dukani miaka ishirini, kisha aniandikie.

Kwa maneno mengine mliyoambiwa nimeyaandika, mimi sikuulizwa hata moja. Hilo nakuambia kwa sababu umeniuliza kweli, na kazi yangu ni kujibu kweli.

Mmefanya jambo la huruma, na mimi nilipolisoma ilibidi nitoke nje nikaangalie ukuta. Lakini mwalimu wenu haumizwi na kusimama tu. Mwambieni wenyewe mlichokiona. Semeni polepole, semeni mkiwa wengi, na mumpe kiti kwanza.

Mimi sitamwambia. Nakuahidi.

Mjomba wa Kamusi

---

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua fupi, tumebanwa na herufi M.

Usiwasilishe hiyo fomu kwa haraka. Watoto wana mambo yao. Pengine hawajaacha kupenda maneno, pengine wana sababu usiyoiona ulipokaa. Wachunguze kidogo. Na wewe mwenyewe jichunguze, kama kuna kitu darasani unachoweza kukirekebisha.

Nakuombea nafuu ya magoti.

Mdogo wako

---

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta aliyeiandika. "Pengine," "kidogo," "nakuombea." Wewe uliyembishia mwenzako saa tatu kwa ajili ya mwanga wa dirishani, kwangu unapuliza kama unapoza uji.

Nimekuelewa. Unaona nimezeeka, na unadhani niambiwe kwa upole. "Jichunguze." Mwalimu mkuu ananiambia hivyo hivyo, naye amekwisha kuweka sahihi. Wachunguzwe wapi? Jana waliniletea "ndoo." Arobaini na nne walinitazama nikieleza ndoo.

Ukurasa wa pili nimejaza. Nitaipeleka mwenyewe ofisini Ijumaa ya tarehe 28, baada ya vipindi. Usiandike kunibembeleza. Niandikie ukifika herufi N.

Dada yako

---

19 Machi

Dada,

Nilimwahidi mtoto kwamba sitasema. Nimekaa na ahadi hiyo siku kumi na moja, na leo naivunja. Nitamwomba radhi mwenyewe. Ulinilea usinione nikipuliza, basi sasa nauma.

Wanajua kwamba umewadanganya.

Wanajua tangu Februari. Mmoja wao alikuletea neno alilolitunga akifua soksi. Halikuwapo duniani hadi siku ile. Ukasimama mbele yake, ukalitungia maana ya pili, ukasema ni mimi niliyeiandika, ukakaa. Kisha akaona miguu yako chini ya meza. Wakaitana nyuma ya tangi la maji, na badala ya kukuumbua wakaapa kukuletea meza na kikombe na ndoo, ili ukae bila kusema uongo. Darasa lako halijafa, Dada. Kila mapumziko wako nyuma ya tangi wamesimama kwa mguu mmoja. Wanafanya yote uliyowafundisha, ila mahali usipokuwapo.

Uliniandikia kwamba mtu anayekuhurumia hachezi nawe tena. Basi hayo ndiyo yaliyokupata, na uliyataka mwenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo, uliponipiga bao nikalia, nikiwa na miaka sita.

Na jina langu. Miaka kumi na tisa nakataa kuandika maana nisiyoihakiki. Nimegombana na wakubwa, nimechelewesha toleo zima kwa ajili ya kadi moja. Wewe umenifanya niseme ubao wa kuzibia ufa. Mara ngapi, Dada? Na yale mengine yalikuwa maneno ya kweli. Ya watu.

Ukitaka kwenda ofisini, nenda. Magoti ni yako na miaka ishirini na saba ni mingi. Lakini usiende ukisema watoto waliacha kupenda maneno. Usiwasingizie.

Mdogo wako

---

29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma kwenye ofisi ya walimu nikiwa nimeishikilia chini ya meza kama mwanafunzi. Sina cha kukubishia. Ninaandika ili ujue yaliyofuata, yote, hata yasiyonipendeza.

Jumanne ilikuwa zamu ya mtoto wa muuguzi. Alisema, "Neno langu ni sahani." Nikamwambia, "Kakae kwenye kiti changu." Akasema, "Lakini unalijua, Mwalimu." Nikamwambia akae. Nikasimama ubaoni nikawaambia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri, unanijua, yenye ukoo wangu wote wa walimu ndani yake. Iliyotoka ni mistari mitatu. Magoti yanauma. Tangu Januari nimekuwa nikidai kujua maneno nisiyoyajua. Ndugu yangu hakuandika lolote kati ya niliyosema ameandika.

Nilitegemea walie, au wapige makofi, upumbavu kama huo. Sindano aliinamisha kichwa mezani. Mtoto wa dereva akanyoosha mkono. Akauliza, "Ni yapi?"

Nikasema, ni machache. Akasema, "Yapi, Mwalimu?"

Basi tukafungua daftari la darasa, ukurasa kwa ukurasa. Sikukumbuka yote mara moja, ila kila walipofika kwenye neno langu la uongo nililitambua, kama unavyotambua nguo yako kwenye kamba ya jirani. Jiriwa. Baba yake mwenye neno anafunga vyuma ndani yake kila siku ili visicheze akivikata, na mimi nilisema ni aina ya msumari. Mtulinga. Muuguzi alimshikisha mwanawe mfupa wenyewe, huu wa chini ya shingo, nami nikauhamishia mguuni. Mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya paani. Yalifika saba pamoja na la Sindano. Mwenye neno alisimama, akasoma maana ya kwao iliyokuwa nyuma ya kikaratasi, wakaifuta yangu, wakaandika ya kwao. Vipindi viwili havikutosha. Nilisimama vyote, na hakuna aliyeniambia nikae. Mtoto wa muuguzi alikalia kiti changu hadi mwisho bila kuning'iniza miguu.

Tulipofika la sita, msichana mmoja mkimya wa dawati la nyuma akasema kikaratasi chake hana. Neno lake lilikuwa "kitwea." Mimi nilimwambia ni chungu kidogo cha maji. Nikamuuliza, "Nyuma uliandika nini?" Akasema, "Nilikichana. Nilimwambia Bibi kwamba Mwalimu amesema ni chungu. Bibi akasema, basi ni chungu, mwalimu ndiye aliyesoma."

Nilisahihisha mengi maishani kwa kalamu nyekundu. Hilo halikusahihishika darasani. Nikamwambia msichana amwombe bibi yake nafasi. Jibu lilikuja Alhamisi: "Bibi anasema Ijumaa mchana, akishaanua nguo."

Ijumaa ilikuwa jana. Fomu ilikuwa kwenye mkoba. Nilipanga nianzie kwa bibi, dakika kumi, kisha nipande kilima hadi ofisini. Ni nyumba ya chumba na sebule nyuma ya hospitali. Alikuwa dobi wa hospitali miaka mingi, na hata sasa wanamletea mashuka. Nikabisha hodi. Akanitazama magoti kabla ya uso.

"Wewe ndiye wa chungu?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shika huku."

Akanipa ncha mbili za shuka. Shuka la kitanda cha hospitali linataka watu wawili, mdogo wangu, mmoja huku na mmoja huku, mnavuta, mnakutana, mnaachana. Nilipoingia nilikuwa nimemkuta amefunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, akikunja na mlango. Tukakunja. Nikamwomba radhi kati ya shuka la tatu na la nne. Akasema, "Vuta vizuri, hilo lina makunyanzi."

Nikamuuliza, kitwea ni nini. Akasema yeye si mtu wa kueleza, yeye huwa analisema tu. Nikaendelea kuvuta shuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka sijui mingapi nilingoja neno la mtu bila kutayarisha jibu. Tulipofika kwenye foronya akasema mwenyewe.

"Huyu mjukuu yupo. Majirani wapo. Watu tele. Lakini waliokuwa wakifua nami, wale sita, wamekwisha. Mimi nikisema jambo la wakati ule, hapa hakuna wa kuniambia, hapana, haikuwa hivyo. Hicho ndicho kitwea. Mtoto aliponiuliza, nikaona nimpe hilo, kwa kuwa silisikii tena kwa mtu. Kisha akarudi akasema ni chungu." Akakunja foronya. "Nikajiambia, labda nimelisahau. Maana nitamuuliza nani?"

Nilikaa. Hakunikaribisha, nilikaa tu, kwenye rundo la mashuka safi, na hakunigombeza.

Nikamwambia hakulisahau. Akaniuliza nimejuaje, ikiwa mimi mwenyewe silijui. Nikasema, "Nitakwenda kuuliza." Akasema, "Usiende. Kaa nikuambie na mengine. Ukikosea nitakukatalia." Akaanza na kazi ya kufua. Kulikuwa na jina la povu la kwanza na jina la povu la mwisho, na jina la yule kati yao saba aliyekuwa akitegea kazi. Mjukuu alikuwa kizingitini na daftari, anaandika haraka, ulimi nje. Mara mbili nilieleza neno nilivyolielewa, na mara mbili bibi akasema sivyo. Mara ya tatu akasema, "Hapo sawa."

Nilipoangalia saa ilikuwa saa kumi na robo. Ofisi ilikuwa imefungwa dakika arobaini na tano zilizopita.

Usinipongeze. Sikuichana fomu, iko mkobani pamoja na risiti ya dawa. Nimechoka kuliko nilivyokuwa Februari, na mwaka ujao dirisha lile litafunguliwa tena. Mkaguzi anarudi Aprili. Magoti ni yale yale, na Jumatatu naanza sheria nyingine: nisipolijua neno, nakaa chini, nami ndiye nitakayekwenda kwa mwenye neno kuliuliza, jioni ile ile, kwa miguu yangu. Mtoto wa dereva amesema hiyo ni adhabu kubwa zaidi na ameikubali. Kwao ni mbali kuliko kwa wote.

Sindano bado hasemi nami. Hajakasirishwa na uongo, huo alikuwa amekwisha kuusamehe. Amekasirika kwa sababu wewe ulisema. Mwandikie, na usipulize.

Dada yako